Mandari za Jangwani na Ramani Tunazozifuata



Wahariri wa kitabu chetu hiki cha mwaka wamenitaka niandike habari za mandari zetu za jangwani, kama wenzangu walivyoandika miaka iliyopita habari za harusi, za mahujaji waliotufikia na za watoto waliofaulu mitihani. Nimekubali, ila sitaandika habari za biriani na michezo ya watoto peke yake. Nataka kuandika juu ya ramani. Majira ya baridi ya mwaka juzi nusura ramani ituulie mtu, na mimi niliyesomesha jiografia miaka yangu yote ya kazi ndiye niliyekuwa nimeishika mkononi.

Zamani Mombasa mtu akisema kesho tuna mandari, hakuna aliyeuliza njia. Watu walibeba masufuria na mikeka, wakavuka Likoni kwa feri au wakaenda zao Nyali, na mtoto wa miaka sita alijua kurudi nyumbani. Huku tuliko mambo ni mengine. Sisi wa Jeddah tuna bahari. Twatandika mikeka Kornishi au twapanda hadi Obhur, na huko hapana cha kupotea. Jamaa zetu wa Riyadh hawana bahari. Wao, mvua za kwanza zikishanyesha na mchanga ukapoa, hufanya kama wafanyavyo wenyeji wa Najd: hupakia hema, kuni na mabirika, wakatoka kwenda barra. Wenyeji huita kashta. Matajiri huenda, madereva wa malori huenda, na siku hizi hata binti zetu huenda wakiwa wao ndio wanaoendesha, kwani tangu Juni 2018 wanawake wameruhusiwa kushika usukani.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya serikali, na kwa miaka mingi mtu aliweza kupiga hema lake popote palipompendeza. Sasa si popote tena. Mwaka 2018 ilitoka amri ya kuanzisha hifadhi za kifalme, na raudha ya Khuraim, kiasi cha kilomita 100 kutoka Riyadh, ambako wengi wetu tumekula chakula cha mchana, imo ndani ya mojawapo, ile yenye jina la Imam Abdulaziz bin Mohammed. (Raudha kwa watu wa Najd ni mahali pa chini ambapo maji ya mvua hutuama, kisha huota nyasi na maua.) Kuna vibali vya kupiga kambi, kuna askari wa mazingira, na kuna faini kwa mtu anayewasha moto pasipo mahali pake au anayeingiza gari juu ya nyasi. Mimi sina ugomvi na sheria hizo. Nimewahi kuona raudha iliyofukuliwa kwa tairi hata ukadhani imelimwa kwa trekta. Lakini maana yake ni kwamba mwenye kwenda mandari yampasa ajue mpaka uko wapi, lango liko wapi, na lipi ni bonde la kupita na lipi ni la watu wengine. Na siku hizi kila mtu huyauliza hayo simu yake.

Basi sikilizeni yaliyotupata.

Tulitoka Riyadh baada ya swala ya Ijumaa, magari matano, watu ishirini na saba pamoja na watoto. Mimi na mke wangu tulikuwa tumepanda kutoka Jeddah siku mbili kabla, kilomita kama 950. Tulielekea kaskazini magharibi, kwenye jabali la Tuwaiq, ule ukuta wa mawe ya chokaa unaokwenda kiasi cha kilomita 800 katikati ya Najd, na ambao upande wake wa magharibi umekatika wima kama uliopasuliwa kwa shoka. Hatukuwa twaenda Jabal Fihrayn, mahali mashuhuri ambapo wageni hupaita Ukingo wa Dunia. Mkwe wangu alikuwa ameona katika simu bonde moja la migunga, zuri, lisilo na watu. Palikuwa na mstari mwekundu kutoka barabara ya lami hadi bondeni. Mtu fulani alipita huko, akairekodi njia yake, akaiweka wazi kwa kila mwenye kutaka. Chini yake aliandika neno moja tu la Kiarabu: nyepesi.

Laasiri tukasimama kuswali kando ya njia ya changarawe. Dada yangu mkubwa ana sukari, na hudunga insulini kabla ya kula. Akaniuliza, “Mwalimu, tumebakisha kiasi gani?” Hata nyumbani huniita Mwalimu, kwa mzaha wake. Nikaitazama simu ya mkwe wangu: kilomita 14, dakika ishirini. Nikamwambia, “Dunga tu dada, tukifika chakula chapakuliwa.” Akadunga.

Masufuria ya biriani yalikuwa katika magari mawili ya nyuma.

Kilomita ya saba tukakuta seng'enge. Mpya, nguzo zang'ara, imetoka upeo wa macho wa kulia hadi upeo wa macho wa kushoto. Simu haikuijua. Mstari mwekundu uliikatiza ukaendelea upande wa pili kana kwamba hapana kitu. Hapo ndipo palipokuwa pa kugeuza magari, nami nakiri kwamba sikusema neno. Tuliifuata seng'enge kwenda kaskazini, tukitafuta lango, na vumbi letu likawa kubwa hata magari ya nyuma yakabaki mbali yasipigwe nalo. Mahali fulani njia iligawanyika. Sisi watatu tulishika mkono mmoja, wao wawili wakashika mwingine. Tulipogundua, simu zote zilikuwa hazina mnara. Jua la Disemba huzama Riyadh saa kumi na moja na dakika chache, na lilizama.

Dada yangu akaanza kutoka jasho, na nje ni baridi. Mikono ikamtetemeka. Kisha akamwita mke wangu kwa jina la mama yetu, ambaye ametangulia mbele ya haki miaka mingi. Wenye wagonjwa wa sukari majumbani wanajua maana yake: dawa imekwisha ingia mwilini na chakula hakipo. Tende zilikuwamo, kwani Saudia gari gani lisilokuwa na tende, na mtoto mmoja alikuwa na pakiti ya maji ya embe. Tukamlisha polepole, akarudi akilini. Lakini dawa ile ilikuwa na saa kadhaa za kufanya kazi, na tende tulizobaki nazo nilizihesabu: kumi na moja.

Mkwe wangu akaiuliza simu njia fupi ya kurudi lami. Ikamchorea mstari, kilomita tisa kusini, moja kwa moja. Nilitaka kuiona kontua, yaani ile mistari ya mwinuko ambayo mwanafunzi wa sekondari wa wakati wetu hakufaulu jiografia bila ya kuijua. Haikuwa nayo. Ramani ile ilikuwa nyeupe kama shuka. Nikasema sipiti gizani katika shuka nyeupe.

Hapo mjukuu wangu wa kike, wa miaka kumi na sita, akasema kwa sauti ndogo, “Babu, mimi nimerekodi tangu tulipoacha lami.” Alikuwa amebonyeza kwa mchezo, apate kuwaonyesha wenziwe shuleni. Katika simu yake palikuwa na mnyororo wa vitone, kila kitone ni mahali tulipopita sisi wenyewe mchana ule. (Na wengi wetu hawajui jambo hili: simu haihitaji mnara ili ijue iko wapi. Hayo yatoka kwenye setilaiti. Mnara wahitajiwa kuleta picha ya ramani, ndiyo maana ramani hupakuliwa nyumbani kabla ya kutoka.) Tukarudi juu ya vitone vyetu, kitone kwa kitone, mwendo wa mguu wa mtu. Mara tatu taa zilituonyesha alama za tairi zetu wenyewe katika mchanga, na kila mara watoto walipiga makofi.

Saa mbili kasorobo tukaiona lami, na juu yake wale wenzetu wawili, ambao nao walipambana na seng'enge ile ile upande mwingine wakarudi mapema. Dada yangu alikula biriani kwenye jamvi kando ya barabara kuu, malori yakipita. Alipomaliza akanitazama, akasema, “Mwalimu, dakika zako ishirini zimezaa.”

Siku ya pili mchana nilirudi na mkwe wangu na yule binti, gari mbili, maji tele. Lango tulilipata, kilomita tatu kaskazini ya pale tulipoigusa seng'enge, limefungwa, na mlinzi wake akatupa kahawa. Kisha tukaenda kuitazama ile njia fupi ya kilomita tisa. Kilomita ya nne yake ilikatwa na korongo lenye kingo za urefu wa nyumba ya ghorofa mbili.

Nimelala nikiliwaza korongo lile siku nyingi. Baadaye nikamwomba mjukuu wangu anifundishe ramani hizi hutoka wapi, kwani mimi nilikuwa nikijua ramani za karatasi tu. Shule tulisomea ramani za Kenya za skeli ya 1:50,000, sentimita mbili kwa kilomita moja, tukipima urefu wa barabara kwa uzi na kuandika mahali kwa namba sita za gridi. Mchoraji wake alijulikana, ni idara ya upimaji, na mwaka wa kupimwa ulichapwa pembeni ya karatasi.

Nchi hii nayo ina ramani zake kuu. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, idara ya jiolojia ya Marekani na kampuni ya Aramco walilichora Bara Arabu katika karatasi za 1:500,000, na mwaka 1963 ikatoka ramani moja ya 1:2,000,000. Zilikuwa kwa ajili ya mafuta, madini na maji. Mwenda mandari zingemfaa nini, ambapo sentimita moja ni kilomita tano? Baadaye wakaja wageni waliopenda jangwa wakaandika vitabu vya njia: Ionis Thompson aliandika cha safari za kutoka Riyadh mwaka 1994, na Patricia Barbor cha kutoka Jeddah mwaka 1996. Mtindo wa vitabu vya aina hiyo ni kuhesabu kilomita kwa mita ya gari: toka kituo cha petroli, hesabu kadhaa, pinda penye mwamba. Mwamba hauhami, lakini kituo cha petroli huhama, na miji ya nchi hii imekua hata mwanzo wa njia nyingi za zamani sasa umo ndani ya mtaa.

Kisha ikaja GPS. Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 ndivyo vilivyoifanya ijulikane, kwa sababu askari walitembea kwayo katika jangwa lisilo na alama. Kwa raia, Marekani ilikuwa ikiipotosha makusudi, hata mtu akakosea kwa kiasi cha mita 100. Upotoshaji huo uliondolewa Mei 2000 kwa amri ya Rais Clinton, na tangu hapo chombo cha mfukoni kikaweza kukuonyesha mti wako. Mwaka 2004 Steve Coast alianzisha Uingereza ile OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo huchorwa na watu wa kujitolea, na mwaka wa pili Google wakatoa picha za setilaiti kwa kila mwenye kompyuta. Programu nyingi za watembezi na wapiga kambi hutumia michoro ya hao wa kujitolea.

Mjukuu wangu akanionyesha kazi yenyewe. Unafungua picha ya setilaiti, unaona mstari mweupe katika jangwa, unaufuata kwa kidole, unaandika “njia”. Mtu aliyeko Ujerumani aweza kuchora njia ya Najd naye hajawahi kuona ngamia. Nami kwa jicho la mwalimu nikaona mara moja ugonjwa uko wapi. Picha ya kutoka juu haionyeshi waya wa seng'enge. Haisemi kama njia yapitwa leo au ni alama ya pikapu ya mchunga ngamia aliyepita mara moja miaka minane nyuma, kwani katika changarawe ngumu alama hukaa miaka. Na lililonitisha zaidi: kitanda cha mto mkavu, chenye mchanga mweupe laini na kinachokwenda kwa kupindapinda, katika picha hufanana na barabara nzuri kabisa.

Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa kwamba habari haipokelewi mpaka ajulikane mpokezi wake. Kaipokea kwa nani, na huyo naye kwa nani; alikuwa mkweli; alikuwa na hifadhi nzuri; waliwahi kukutana. Mpokezi asiyejulikana huitwa majhuli, na habari yake huwekwa kando hata ikiwa tamu. Nilipokuwa kijana sikudhani elimu ile itanifaa juu ya changarawe za Tuwaiq. Lakini nilipouliza juu ya ule mstari mwekundu maswali ya mwalimu wangu wa hadithi, ulianguka swali la kwanza. Nani aliyepita? Jina la bandia. Alipita na nini? Tulichungua mwendo wake ulivyoandikwa, tukaona huyu hakuwa na gari; kwa jinsi alivyokuwa akikata kona, alikuwa juu ya pikipiki. Alipita lini? Miaka mitano kabla yetu, kabla ya seng'enge. Na “nyepesi” ni nyepesi kwa nani? Kwa kijana wa pikipiki, asubuhi, peke yake. Sisi tulimfuata na bibi wa miaka sabini na mbili ambaye amekwisha dunga.

Vijana wetu walinicheka nilipolisema hili katika baraza. Mmoja aliniambia, “Babu, wataka njia ya mandari iwe na isnadi kama Bukhari?” Nikamwambia naam, yenye kubeba watoto wangu iwe nayo. Tangu siku hiyo neno limeshika, sasa mtu akituma njia katika kikundi chetu cha simu, wa kwanza kujibu humwuliza, “Isnadi yake?” Mzaha, lakini hujibu: nimepita mwenyewe, Januari, gari la magurudumu manne, tairi nimezipunguza upepo, hapakuwa na lango.

Sasa nije kwetu Jeddah, maana wa Jeddah wasidhani habari hii ni ya Riyadh.

Nyuma ya Jeddah kuna milima ya Hijazi, na mabonde yake hushuka kwa miteremko mikali kuja baharini. Mwaka mzima ni makavu. Watu wa Jeddah hupenda kwenda huko majira ya baridi, kwa sababu mchanga wa kitanda cha bonde ni laini wa kukalia na kingo zake hukinga upepo. Mahali hapo hapo ndipo papitapo seli, mafuriko ya ghafla. Mvua yaweza kunyesha mlimani, wewe huku chini umekaa na nyota tupu, na maji yakakufikia baada ya muda yakiwa na mawe na miti. Siku ya Tarwiya, mwezi 8 Dhulhijja 1430, yaani tarehe 25 Novemba 2009, zilinyesha Jeddah kiasi cha milimita 90 kwa saa zipatazo nne, nyingi kuliko mvua ya mwaka mzima wa kawaida. Walikufa zaidi ya watu mia. Mtaa wa Quwaiza ndio uliopigwa vibaya, nao umejengwa ndani ya bonde la Qaws. Wasomaji wengi wa kitabu hiki wanakumbuka tulivyokuwa tukipigiana simu usiku ule. Tarehe 24 Novemba 2022 zikanyesha nyingi zaidi, milimita 179 kusini ya mji katika saa sita. Na ingawa kwa rehema za Mungu, na kwa mifereji iliyokwisha jengwa, waliokufa walikuwa wawili, magari yalielea.

Nimeyataja haya kwa sababu nilipofungua programu moja ya wapiga kambi nikatazama mabonde ya mashariki ya Jeddah, nilikuta alama ya hema, yenye nyota nne za sifa, katikati ya kitanda cha bonde. Si ukingoni. Katikati. Waliopasifu wote walikwenda siku kavu.

Basi kwa jambo hili ile elimu yetu ya kontua ingali na kazi. Mistari ya kontua inapokata bonde hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea juu kunakotoka maji. Mzee yeyote aliyefanya mtihani wa East African Certificate analijua hili kwa moyo. Jamani, wafundisheni wajukuu. Dakika kumi zatosha. Kisha kabla ya kutandika mkeka, mtoto mwenyewe atafute V ziko wapi, atazame maji ya bonde hilo yatoka umbali gani, na mkeka upande juu ukingoni. Kitanda cha bonde kina mchanga laini, hilo silikatai.

Na haya ya kuchora si mageni kwa watu wetu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa kama Tandale walichora mitaro, nyumba na vichochoro vyao kwa mpango unaoitwa Ramani Huria, kwa sababu ya mafuriko hayo hayo, na michoro yao waliiweka katika OpenStreetMap. Unguja na Pemba, tangu mwaka 2016, zilipigwa picha kwa vindege visivyo na rubani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Mjukuu wangu alipolijua hilo alifurahi sana. Alikuwa akidhani kazi hii ni ya Wazungu. Nikamwambia tena kwamba al-Idrisi aliitaja Malindi na Mombasa katika kitabu na ramani yake ya mwaka 1154, naye aliiweka kusini juu, hata sisi watu wa pwani tukawa juu ya dunia. Hilo alilipenda kuliko yote.

Mimi na yeye, kwa hiyo, tumekuwa wachoraji. Tuliiandika ile seng'enge na lile lango, pamoja na tarehe tuliyoyaona. Ile njia iliyokatwa na korongo tuliifuta pale inapokatika. Kazi ya jioni moja, na sasa mgeni asiyetujua akienda huko simu yake itamwambia pana seng'enge.

Liko jambo moja ambalo hatujaafikiana, nami nitaliandika kama lilivyo. Kuna raudha ndogo upande wa Dahna, ule ukanda wa mchanga mwekundu mashariki ya Riyadh, ambayo jamaa zetu wameijua kwa zaidi ya miaka ishirini. Haimo katika hifadhi, haina seng'enge, na mwaka wa mvua njema hujaa maua ya manjano. Vijana wanataka kuiweka kwenye ramani, kwa jina na picha. Mimi na wazee wengine tumekataa, kwa hofu ya yale niliyoyaona kwingine: picha moja nzuri, Ijumaa mbili, tairi mia tatu. Mpwa wangu mmoja amenijibu kwa maneno ambayo sijapata jibu lake kamili. Alisema, “Mjomba, ile ni ardhi ya umma, si shamba la babu. Sisi tulionyeshwa na Msaudi mmoja mkarimu. Kama naye angelificha, tungelijua wapi?” Tena akanitajia bonde la Hanifa, linalopita magharibi ya Riyadh kwa kiasi cha kilomita 120. Lilikuwa jaa la vifusi na maji machafu. Likasafishwa, likapandwa miti, likawekewa njia za miguu na mahali pa familia kukaa, hata mwaka 2010 likapata tuzo ya Aga Khan ya ujenzi. Siku ya Ijumaa limejaa watu, na halijafa. Ni kweli. Lakini kule palitangulia kutengenezwa kisha watu wakaitwa. Raudha yetu haina hata pipa la taka. Kwa sasa tumeandika njia yake kuu, kisima kilicho karibu na mchanga unaokwamisha magari, ili anayepita asidhurike. Raudha yenyewe hatukuiandika. Yawezekana nimekosea, na mpwa wangu ana haki ya kuandika katika kitabu cha mwakani.

Daftari la njia zetu, la karatasi, liko kwangu Jeddah, na nakala iko kwa mkwe wangu Riyadh. Tuna njia kumi na tisa hivi sasa. Mwenye nyingine na alete, ila aje na habari zake: alipita nani, lini, kwa gari gani, na wapi aligeuza. Zile za wazee waliokwenda Taif na Wahba kabla ya simu nazitaka zaidi, hata kama ni kwa kukumbuka tu. Ukurasa wa kwanza ni wa lile bonde la migunga: tarehe, gari mbili, seng'enge mpya kilomita ya 7, lango kilomita 3 kaskazini yake, limefungwa, mlinzi mwema, korongo kusini, usipite. Chini yake dada yangu ameongeza kwa mkono wake mwenyewe: “Biriani ipande gari la kwanza.”